Forodhani baada ya Magharibi: mvuto wa soko la usiku na pale unapogeuka mtego

Mchana Bustani ya Forodhani ni bustani kama nyingine: miti, mabenchi, paka waliolala kivulini na watu wachache wanaongoja jua lipoe. Mgeni akipita hapo saa 8 mchana na kuambiwa kwamba ndipo penye soko la chakula lenye jina kubwa kuliko yote Unguja, atadhani anafungwa kamba. Akirudi baada ya sala ya Magharibi atakuta meza zimejipanga, mkaa umeiva, moshi umetanda na watu wamesongamana, wenyeji kwa wageni, watoto kwa wazee.

Chakula chenyewe si siri. Mishikaki inachomwa kila mtaa wa mjini, urojo, supu nzito ya manjano, unauzwa mchana kutwa, miwa inakamuliwa kando ya barabara. Kwa bei, Forodhani si mahali pa nafuu. Swali basi ni hili: mtu mwenye urojo mzuri mlangoni kwake anatembea mpaka Forodhani kufuata nini? Na mgeni aliyefika saa 1 usiku akiwa amechangamka, mbona saa 3 anaondoka akinung'unika kwamba kala pweza mgumu kwa bei ya hotelini?

Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Soko la usiku huvuta kwa sababu giza hufunika kila kitu isipokuwa kile kinachofanyika mbele ya macho yako. Meza ambayo mkono wa mpishi unafanya kazi papo hapo hufaidika na giza hilo kwa haki. Meza ambayo kazi yake ilikwisha adhuhuri, au jana, hufaidika nalo vilevile.

Mahali

Forodhani iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jina linatokana na forodha, yaani mahali pa ushuru wa bidhaa. Wakati wa Waingereza bustani iliitwa Jubilee Gardens. Sura ya leo inatokana na ukarabati uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kuanzia mwaka 2008. Bustani ikafunguliwa upya Julai 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na mifereji ikatengenezwa, na wapishi wakapata eneo lao.

Kwa macho ya biashara mahali hapa pana bahati nne. Bahari iko upande wa machweo, kwa hiyo watu huja kutazama jua likizama na kuikuta njaa papo hapo. Nyumba za kulala haziko ubavuni kabisa, kwa hiyo moshi hauna wa kuulalamikia. Ukuta wa bahari na mabenchi humpa mteja pa kukaa bila muuzaji kununua hata kiti kimoja. Na sehemu kubwa ya Mji Mkongwe iko mwendo wa mguu wa dakika kumi au kumi na tano, kwa hiyo mtu haji na gari linalohitaji kuegeshwa. Ukitaka kujua kwa nini masoko mengi ya usiku yaliyobuniwa ofisini hufa ndani ya miezi sita, anza kuhesabu mangapi kati ya hayo manne hayapo.

Kuna na burudani ya bure: vijana wa makachu, wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani kwa mikogo ya kila namna. Watu hudhani ni mchezo wa kila jioni. Lakini maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita nne siku za bamvua, yaani za maji makubwa, na maji yakiwa yametoka mtu hawezi kujirusha kichwa chini bila kuitafuta hospitali. Jioni ambayo maji yamejaa saa ya machweo, umati hufika mapema na kukaa. Maji yakiwa yametoka, hufika wamechelewa, tayari kula tu. Muuzaji mzoefu anaijua kalenda hiyo kuliko kalenda ya ukutani.

Kwa nini usiku, na kwa nini kila usiku

Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, na giza halikawii. Maana yake kwa soko ni kubwa kuliko inavyoonekana: saa ya kuwasha mkaa haibadiliki. Mpishi akiwasha saa 11:15, makaa yanakuwa yamevaa jivu jeupe saa 12 kamili, na mteja wa kwanza anafika mkaa ukiwa mwekundu chini na tulivu juu. Kwa hiyo soko linaweza kuwa la kila siku.

Linganisha na Dresden, mji wa Ujerumani wenye Striezelmarkt, soko la Krismasi ambalo historia yake inaanzia mwaka 1434, lilipokuwa soko la siku moja tu. Huko jua la Juni huzama baada ya saa 3 usiku. La Desemba huzama karibu na saa 10 alasiri. Soko la taa haliwezekani Juni, kwa kuwa watoto wanakwenda kulala kabla giza halijaingia. Desemba giza linawakuta watu wakitoka kazini, baridi inauma, na kikombe cha mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu kinauzika chenyewe. Ndiyo maana masoko yale huishi wiki nne hivi za kungojea Krismasi kisha yanavunjwa mbao kwa mbao. (Karafuu ile, kwa taarifa, ndiyo iliyoijenga Unguja na Pemba ya karne ya 19.)

Kwa hiyo yale ni masoko ya msimu na Forodhani ni soko la kila jioni, lakini kinachouzwa ni kilekile: muda mfupi ambao mtu anajua utakwisha. Mjerumani anajua tarehe 24 Desemba vibanda vinafungwa. Mtu wa Forodhani anajua ikifika saa 5 meza zinafutwa. Kwa Unguja kinachofanana zaidi na soko la Krismasi si Forodhani bali viwanja vya sikukuu: siku za Idi watoto huvishwa nguo mpya, hupewa pesa za sikukuu mkononi na kupelekwa kwenye bembea na vitafunio, kisha uwanja unarudi kuwa uwanja.

Taa

Zamani masoko ya jioni ya pwani yalikuwa ya vibatari na karabai. Kibatari huangaza meza moja tu, na kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake: kila meza ilikuwa kisiwa. Umeme ulipokuja, baadhi ya masoko ya mjini yalikosea kwa kufunga taa kubwa juu ya nguzo. Uwanja wote ukawa mweupe, uchafu wa pembeni ukaonekana sawasawa na chakula, na watu wakawa wanapita badala ya kusimama. Soko la usiku linataka taa ya njia iwe hafifu, iliyo chini ya kiuno ikiwezekana, na taa ya meza iwe na nguvu, imening'inia kama nusu mita hadi sentimita 70 juu ya chakula na kufunikwa upande wa mteja ili isimchome machoni.

Sasa angalia rangi ya taa. Balbu ya manjano huifanya nyama iliyochomwa ing'ae kama dhahabu. Humfanya na samaki wa jana afanane na wa leo. Mwanga mweupe, hata wa tochi ya simu, huvunja uchawi huo: ukingo wa mnofu uliokauka huonekana umejikunja, nyama ya samaki huonekana ya kijivu badala ya nyeupe, na utagundua kwamba mng'ao ulioupenda ni mafuta yaliyopakwa dakika kumi zilizopita. Hakuna ubaya kuwasha simu juu ya meza. Muuzaji wa haki hajali, na asiye wa haki ataanza kuzungumza haraka.

Meza ya samaki, ambako mvuto hugeuka mtego

Hii ndiyo meza inayopigwa picha. Vijiti vya pweza, ngisi, kamba, jodari, nguru, kamba koche aliyepasuliwa katikati, vyote vimepangwa kama shanga. Mpishi amevaa kofia nyeupe. Mgeni anaonyesha kwa kidole, kijiti kinawekwa juu ya moto dakika mbili, kinarudi kwenye sahani ya karatasi na ndimu pembeni.

Dakika mbili hizo ndizo ushahidi. Mnofu mbichi wa jodari wenye unene wa sentimita tatu hauivi kwa dakika mbili. Ulichopewa kilikuwa kimeshapikwa, kimepashwa tu. Kwa nini wauzaji hupika mapema? Si uvivu. Kwanza, kamba na kamba koche huwa wekundu baada tu ya kupikwa. Wakiwa wabichi ni wa kijivu au kijani kilichofifia na hawamvuti mtu usiku. Pili, mteja aliyesimama kwenye umati hataki kungoja dakika nane. Tatu, kibichi kinahitaji barafu inayoyeyuka na kugharimu pesa kila saa, wakati kilichopikwa kinakaa juu ya meza kimya.

Kimya hicho ndicho kinachodanganya. Kanuni wanayoifuata wapishi wa biashara ni kwamba chakula kilichopikwa kikae ama juu ya nyuzi joto 60 ama chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo, kisipite muda wa saa mbili bila kurudishwa kwenye baridi, na kikifikisha saa nne kitupwe. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Forodhani mwanzo wa usiku ni kama nyuzi 26 hadi 28, katikati kabisa ya eneo la hatari. Kijiti kilichopikwa saa 9 alasiri na kuuzwa saa 2 usiku kimeshapita kipimo hata kabla hakijaguswa na moto wa pili.

Kila nyama ina tabia yake, na hapa inafaa kuzitenganisha.

Pweza ndiye aliye salama zaidi kidogo kuliko wenzake, na ndiye anayestahimili kupikwa mapema. Kwanza hupigwapigwa, kisha huchemshwa kwa moto mdogo dakika 45 hadi saa nzima mpaka kisu kiingie kwenye mkono mnene bila kusukumwa. Ndipo huchomwa dakika tatu nne ili ngozi ishike moshi. Kuchemsha mchana si kosa, mradi baada ya hapo awekwe kwenye barafu. Kosa ni kuchoma mapema: ngozi ikishakauka mara moja, moto wa pili huigeuza mpira. Tena pweza ana kalenda. Kina mama wanaochokoa pweza mwambani hutegemea maji yatoke sana, na hayo ni maji ya bamvua, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, yaani maji yasipotoka sana, pweza wa leo ni wachache, na aliye mezani huenda ametoka kwenye friza. Hilo si baya hata kidogo, kwani kugandishwa humlainisha pweza. Ila muuzaji asikuapie.

"Sheikh, pweza huyu wa leo?"

"Wa leo leo, wallahi."

"Na maji mafu haya?"

Hapo ama atacheka na kukueleza ukweli, ama atageukia mteja mwingine. Majibu yote mawili yana faida.

Ngisi ana sheria kali: dakika mbili hadi tatu juu ya moto mkali, au zaidi ya nusu saa kwenye moto mdogo. Katikati ya hapo ni raba. Akipikwa dakika mbili mchana na kupashwa mbili usiku tayari ameingia katikati. Kamba naye hapashwi. Akipashwa hunyauka, na mchanga wa mstari wa mgongoni, kama haukutolewa, ndipo unaposikika menoni.

Jodari, nguru na vibua wanahitaji tahadhari ya peke yake, kwa kuwa hatari yao haiondoki kwa kupika. Samaki hawa wakikaa joto kabla ya kupikwa, bakteria hugeuza histidini, kiungo kimoja cha nyama yao, kuwa histamini, na histamini haivunjiki kwa moto, haifi kwa kugandishwa, haina harufu ya kuaminika. Dalili huanza kati ya dakika chache na saa moja: uso kuwa mwekundu au kuwaka, kichwa kuuma, mwili kuwasha, mara nyingine ladha ya pilipili mdomoni pasipo na pilipili. Watu husema "nimedhurika na samaki, mwili wangu haumpendi", wakadhani ni mzio wa maisha, kumbe ni barafu iliyokosekana kwenye boti saa 5 asubuhi. Mtu akishindwa kupumua vizuri au akivimba uso, apelekwe hospitali bila kungoja.

Dawa ya meza hii inajulikana na wala si ghali. Mbichi vikae kwenye sinia la barafu, barafu iwe juu na chini, maji yaliyoyeyuka yatoke kwa tundu yasiwaloweshe samaki. Juu ya meza kiwekwe kijiti kimoja kimoja kilichopikwa kama sampuli, na sampuli isiuzwe. Pweza aliyechemshwa akae kwenye barafu pamoja na wabichi lakini chombo tofauti. Mteja aambiwe "dakika nane" na aonyeshwe ukuta wa bahari. Muuzaji anayefanya hivi hupoteza wateja wenye haraka na kupata wanaorudi. Kwenye soko ambalo mgeni anakuja mara moja maishani, biashara hiyo haimpi kila mtu moyo.

Tusisahau umeme. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, miezi michache tu baada ya bustani kufunguliwa upya, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi baada ya hitilafu kwenye njia ya kuuleta kutoka bara. Taa ina mbadala: betri, jenereta, karabai. Barafu haina. Siku umeme umekatika tangu asubuhi, meza ya samaki ndiyo ya kuiruka, hata kama soko linapendeza zaidi kwa mwanga wa taa za chemli.

Zanzibar pizza, ambako hakuna cha kuficha

Hatua kumi kutoka meza ya samaki kuna foleni. Wenyeji wengi wako hapa, na sababu ni kwamba kila kitu kinafanyika mbele yao tangu mwanzo.

Jina lisikupoteze, na piza ya Italia haijuani. Ndugu yake wa karibu ni mutabak wa Uarabuni, mkate mwembamba unaojazwa na kukunjwa. Unga wa ngano kilo moja hukandwa kwa maji kama nusu lita na ushei, chumvi na mafuta kidogo, ukakatwa matonge ya gramu 75 hivi, kama ishirini na moja. Matonge hupakwa mafuta na kuachwa walau saa moja. Hapa ndipo mpishi wa kweli anapotofautiana na mwanagenzi: tonge lisilopumzika hurudi nyuma kila likivutwa, na likilazimishwa hupasuka.

Likishapumzika hupigwapigwa juu ya meza yenye mafuta mpaka liwe jembamba kiasi cha kuona mbao kupitia kwake. Katikati huwekwa kipande cha pili kidogo cha unga, kama kiraka, kwa kuwa hapo ndipo uzito utakapokaa. Halafu nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, pilipili hoho, nyanya kidogo, jibini, mayonezi, na yai moja linalopasuliwa juu na kuchanganywa hapo hapo kwa kijiko. Pembe nne zinakunjwa, inakuwa mraba, na inatelezeshwa kwenye chuma chenye samli au mafuta, upande wa mikunjo ukitangulia chini ili ujifunge.

Dakika tatu hadi nne kila upande. Ukiona inatoka baada ya dakika mbili ikiwa nyeusi, chuma kilikuwa na moto mno na yai ndani bado linatiririka. Ukiona inachukua dakika saba kila upande na kutoka imelowa, moto ulikuwa mdogo na unga umekunywa mafuta. Nyanya ikizidi, maji yake huvunja kiraka na mchanganyiko hutoka pembeni. Ndiyo maana mpishi mzuri huondoa mbegu kabla. Ya tamu, ya ndizi na chokoleti, ni rahisi zaidi kwa sababu haina yai, na kwa maoni yetu ndiyo maana kila anayeanza biashara huanza nayo.

Mvuto mzima wa soko umo kwenye chuma hicho. Mtu anatazama mikono kwa dakika kumi na hakumbuki kwamba anangoja. Angeambiwa angoje dakika kumi mgahawani, angeita mhudumu mara mbili.

Urojo na miwa

Urojo ni mchana wote, hilo tumelisema. Usiku una faida moja tu: unanywewa ukiwa umesimama, pamoja na watu. Unga wa ngano gramu 150 unavurugwa kwanza kwenye maji baridi, kwani ukitiwa kwenye maji ya moto hufanya vidonge visivyovunjika. Unamiminwa kwenye lita tatu za maji yenye manjano, chumvi na embe mbichi lililopondwa au ukwaju, unakorogwa mpaka uchemke, kisha moto mdogo dakika ishirini ili ladha ya unga mbichi iishe. Bakulini: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, yai, mshikaki, chatini ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo. Zikitangulia hizo, umeharibu. Sufuria ikikaa usiku kucha juu ya moto, urojo huzidi uzito, na wengine huupunguza kwa maji baridi ya ndoo. Uongezwe maji ya moto, uchemke tena.

Mashine ya miwa, yenye gurudumu na magurudumu madogo ya chuma, ina sauti inayoita watu kama adhana ya kiu. Muwa uliokwaruzwa hupitishwa, hukunjwa ukiwa na tangawizi na ndimu katikati, hupitishwa tena, mara tatu au nne mpaka kapi litoke kavu. Kilo moja ya miwa hutoa kama nusu lita. Juisi huanza kuwa kahawia dakika chache baada ya kugusana na hewa, ndimu huichelewesha. Iliyokwisha kuwa kahawia kwenye jagi ilikamuliwa zamani. Muwa wenyewe hauleti shida sana, shida ni barafu ambayo hujui maji yake, na bilauri inayooshwa kwenye ndoo moja jioni nzima.

Kwenye bilauri masoko ya Krismasi yana la kufundisha. Ujerumani mteja hulipa amana ya kikombe cha kauri, euro chache, juu ya bei ya kinywaji. Akirudisha, anarudishiwa. Vikombe vinaoshwa kwa mashine, hakuna plastiki chini, na kwa kuwa huchorwa jina la mji na mara nyingi mwaka, wengi hawarudishi. Wanaondoka nacho kama kumbukumbu na soko linabaki na amana. Forodhani, ambako upepo unaweza kuichukua sahani ya karatasi mpaka baharini kwa pumzi moja, bilauri ya amana ingejilipa. Ingehitaji sehemu moja ya kuoshea yenye maji yanayotiririka na makubaliano kati ya wenye mashine, na hilo la pili ndilo gumu.

Bei na papasi

Hesabu hii ni ya mfano tu, kuonyesha njia pesa inavyopita. Familia ya watu wanne inafika kwenye meza ya samaki. Haikuulizwa inataka vingapi. Muuzaji anapanga vijiti vitatu kwa kila mtu, vya 5,000 kila kimoja. Ni 60,000. Chapati nne na chipsi sahani mbili, 10,000. Jumla 70,000, na wameondoka baada ya dakika ishirini. Familia ya pili imegawana pizza mbili za 6,000, bakuli nne za urojo za 3,000, mishikaki minane ya ng'ombe ya 1,000 na bilauri nne za miwa za 2,000. Ni 40,000, wamezunguka meza nne na kukaa saa mbili. Ya pili ndiyo iliyolipata soko.

Malalamiko mengi ya bei hayatokani na bei yenyewe bali na kutajwa kwake baada ya kula. Bei itajwe kijiti kikiwa bado mezani, kwa kijiti si kwa sahani, na vihesabiwe kwa sauti. Papasi anayekuongoza kwenye meza fulani akisema ni ya mjomba wake ana chake kwenye bei hiyo. "Ahsante kaka, nazunguka kwanza" inatosha, hakuna haja ya ukali.

Mwezi wa Ramadhani saa hubadilika. Watu hufuturu majumbani, huswali tarawehe, na huja saa 3 au 4 usiku wakiwa wameshiba. Meza ya samaki hudorora, miwa na vitamu hupanda. Masika nayo, Machi hadi Mei, mvua ya nusu saa ikipiga saa 12:30 jioni huua usiku mzima, kwa kuwa mkaa uliolowa hauwaki tena kwa wakati.

Saa 5 usiku meza zinaanza kufutwa na paka wanasogea. Tazama kinachobaki. Miwa isiyokwaruzwa inangoja kesho bila taabu. Matonge ya unga, yakikaa kwenye baridi, yatafaa asubuhi kwa chapati. Urojo uliobaki unamwagwa, hauna maisha. Mishikaki ya ng'ombe iliyobaki mbichi itaharibika kwa papai la kulainishia lililomo ndani yake. Ikilala hugeuka uji, na kila mteja ataijua kwa jino la kwanza. Vijiti vya samaki vilivyokwisha kupikwa ndivyo pekee ambavyo kesho saa 1 usiku, chini ya balbu ya manjano, vitakuwa na sura ileile.